Tani Moja Inatosha

Nianze na msimamo wenyewe, ili asiyekubaliana nami aanze kununa mapema. Gari linaloufaa mkoa wa Katavi si Land Cruiser V8. Ni kigari kilichoinuka kutoka ardhini, kifupi, chenye uzito wa tani moja na kidogo, injini isiyozidi lita moja na nusu, na nguvu inayofika kwenye magurudumu yote manne. Suzuki Jimny. Daihatsu Terios na pacha wake Toyota Cami. Suzuki Carry ya 4WD, ile ambayo nchi nzima tunaiita kirikuu, jina ambalo wengi hulihusisha na yule mtoto wa katuni aliyekuwa mdogo kuliko wote kijijini na mwepesi kuliko wote.

Najua kicheko kinachofuata. Tanzania tuna madaraja mawili tu ya magari: "gari ya juu" na "gari ya chini". Gari ya juu ni ya mtu aliyefika. Gari ya chini ni ya mtu anayejitafuta, na ikiwa fupi sana inaitwa bebi woka, kile kiti cha magurudumu cha kumfundishia mtoto kutembea. Kigari ninachokitetea kinaudhi pande zote mbili. Kiko juu lakini ni kidogo. Kinampandisha mtu bila kumkuza. Kwa hiyo mkubwa hakitaki kwa sababu hakimpi heshima, na kijana aliyepata mkopo wake wa kwanza hakitaki kwa sababu kwa hela hiyohiyo anapata kitu kinachong'aa zaidi.

Hoja yangu ni kwamba wote wawili wanaulizia kitu kisichohusika. Wanauliza gari linasema nini kuhusu mwenye gari. Swali la Katavi ni jingine: Februari, mvua ikiwa imenyesha siku tatu, gari gani litafika?

Kwa asiyeufahamu mkoa huu, picha ni hii. Katavi ilimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604. Sensa ya 2022 ikahesabu 1,152,958. Tumeongezeka zaidi ya mara mbili ndani ya miaka kumi, na watu hao hawakuja kupanga vyumba Makanyagio na Kawajense peke yake. Wameenda kulima mpunga Mpimbwe, tumbaku na mahindi upande wa Mishamo na Katumba, kuchimba dhahabu Ibindi na Dirifu, kuvua Ikola na Karema ziwani Tanganyika. Wameenda kule ambako ardhi ipo, na kule ambako ardhi ipo, barabara mara nyingi haipo.

Lami tunayo, sikatai. Leo unatoka Tabora kupitia Sikonge na Koga hadi Mpanda bila kula vumbi, jambo ambalo kwa wazazi wetu lilikuwa hadithi. Reli tunayo tangu mkoloni: tawi la kilomita 210 kutoka Kaliua, lililojengwa baada ya Vita Kuu ya Pili ili kutoa madini ya risasi ya Mpanda. Lakini njia kubwa hujengwa kuunganisha mji na mji, au kutoa mali. Mwananchi anaishi baada ya njia kubwa kuisha. TANROADS inashika barabara kuu na za mkoa. Ukishaziacha unaingia mikononi mwa TARURA, wakala ulioundwa 2017 kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini, na ukizidi kwenda mbele unaingia mikononi mwa Mungu.

Na udongo. Sehemu kubwa ya tambarare za Katavi ni mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mguu. Mvua ikinyesha unageuka ugali. Haukuzamishi mara moja kama mchanga, unakushika taratibu, unajaza nafasi kati ya meno ya tairi mpaka tairi linakuwa duara laini lisiloshika chochote. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi udongo huuhuu ndio unaowapa viboko wa mto Katuma madimbwi yao. Kiboko ana tani zake na anaishi vizuri tu matopeni. Gari lenye tani zake halina bahati hiyo.

Hapo ndipo hoja ya uzito inapoanzia. Land Cruiser V8 inapita tani mbili na nusu kabla hata ya bosi kupanda. Ina nguvu nyingi, ndiyo, na dereva hodari ataivusha mahali pengi. Lakini siku ikikwama, imekwama kweli. Utatafuta trekta au lori lenye winchi, na ukiwa njia ya Mishamo saa mbili usiku utatafuta sana. Gari la tani moja likikwama, unahitaji wanaume wanne, jembe na mti mmoja wa kutanguliza chini ya tairi. Wanaume wanne wapo katika kila kijiji cha Katavi. Winchi haipo.

Hoja ya pili ni mafuta. Vituo vya mafuta viko mijini na kwenye njia kuu. Kijijini, petroli inauzwa kwenye chupa na madumu kando ya genge, na inauzwa kwa sababu ya bodaboda. Pikipiki ndizo zilizojenga mtandao huo wa mafuta bila mkutano wala mradi. Gari dogo la petroli linaishi ndani ya mtandao huo. Dumu la lita tano linalifikisha mbali. Gari kubwa la dizeli linategemea kile lilichokibeba kutoka mjini, na kikiisha, hakuna mama muuza genge atakayeliokoa.

Ya tatu ni fundi. Injini ya K3 ya cc 1,297 iliyomo ndani ya Toyota Cami ndiyo iliyomo pia ndani ya Passo ya lita 1.3. Maana yake ni kwamba fundi aliyezoea Passo, na hao wamejaa, anaifahamu. Spea inapatikana Kariakoo na inapandishwa kwenye basi leo, kesho kutwa iko stendi ya Mpanda imefungwa kwenye boksi la maji ya kunywa. Mlango wa V8 ukigoma kufunguka unahitaji kompyuta. Sitanii. Nimekaa kwenye gereji moja Nsemulwa nikasikia fundi mtu mzima, mwenye miaka mingi kazini, akimwambia dereva wa ofisi fulani: "Kaka, hii mimi naweza kuiosha tu."

Sasa nifike kwa maadui wawili wa kigari hiki. Wa kwanza tunamfahamu kwa jina: shangingi. Neno hilo lilianzia kwa mwanamke anayejipamba kwa gharama za watu, likahamia kwenye gari la serikali, na lugha haikukosea kulihamisha. Mizengo Pinda, mwana wa Kibaoni hukuhuku kwetu, alipokuwa Waziri Mkuu kati ya 2008 na 2015 alilalamikia hadharani gharama ya magari hayo serikalini. Hakuwa mpinzani, alikuwa ndiye mkubwa wa shughuli za serikali bungeni. Pamoja na hayo mashangingi yalimwona akija na yakamwona akiondoka. Nasisitiza kwamba simlengi Land Cruiser wote. Ile ya mkonga, yenye bomba la hewa lililopanda hadi paani, inayotumika kubeba wagonjwa na chanjo, ni chombo cha kazi na nauheshimu mkonga wake. Ninayemlenga ni yule wa viti vya ngozi, anayelala Mpanda mjini na kufika kijijini mara moja kwa robo mwaka, Julai, wakati hata baiskeli inafika.

Kila gari la namna hiyo lina gharama isiyosomwa kwenye bajeti. Afisa ugani anayetakiwa kumfikia mkulima wa mpunga wa Mwamapuli, na mtaalamu wa maabara anayetakiwa kufika zahanati tano kwa wiki, hawana gari. Wakipata, ni pikipiki, na mvua ikinyesha pikipiki inabaki chini ya mwembe. Hela ya shangingi moja ingenunua vigari kadhaa vya 4WD vilivyotumika. Watumishi kadhaa wangefika. Tunanunua kiyoyozi kimoja badala yake.

Adui wa pili ni mjanja zaidi, kwa sababu anafanana na rafiki. Huyu ni krosova bandia. Krosova, kwa asiyefuatilia mambo haya, ni gari la kawaida la chini lililoinuliwa kidogo, likavishwa sura ya gari la porini: bampa nene, plastiki nyeusi juu ya matairi, reli juu ya paa. Ndani yake, mara nyingi, ni gari dogo la mjini linalovuta kwa magurudumu ya mbele tu. Si kosa kulitengeneza. Tokyo au Masaki linatosha kabisa. Kosa ni kuliuza Mpimbwe kama jibu la Mpimbwe.

Baba yangu mdogo analima mpunga huko. Miaka miwili iliyopita aliuza magunia, akachanga na wadogo zake, akaagiza gari kupitia yadi moja Dar es Salaam ambayo sitaitaja. Alipiga simu akasema anataka gari ya juu ya kwenda shamba. Wakamtumia picha za kigari chekundu kizuri, kimeinuka, kina reli paani. Akaniuliza, "Mwanangu, hii si ndiyo yenyewe?" Gari lilikuwa limeshalipiwa. Lilifika Oktoba, likazungushwa kijiji kizima, watoto wakaligusa. Desemba mvua ilipokolea, kilomita nne kutoka nyumbani, magurudumu ya mbele yakaanza kuzunguka na ya nyuma yakabaki yanatazama. Hayakuwa na kazi, hayakuwahi kuwa nayo. Nilipompigia kumpa pole alinijibu kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia na kumaliza: "Shikamoo zako nimezipokea. Ila hili gari, baba, limevaa koti. Suruali halina."

Sijapata maelezo bora ya krosova bandia kuliko hayo.

Kuna mtu atasema: wewe unapigana na soko. Soko limechagua, watu wanataka wanachotaka. Kwa jibu la hilo nawaomba tusafiri kidogo hadi Marekani, kwa sababu kule swali hili la vigari vya juu limeulizwa miaka mingi na jibu lake hutajwa kana kwamba ni sheria ya maumbile: Mmarekani hataki gari dogo, basi.

Ukitazama juujuu ni kweli. Daihatsu iliingia huko 1988 ikaondoka 1992. Suzuki, mama wa Jimny, iliacha kuuza magari Marekani mwaka 2012. Ford ilipeleka krosova yake ndogo, EcoSport, iliyounganishwa India, ikaanza kuiuza huko 2018, na 2022 ikaifunga. Hyundai ilileta Venue mwaka 2019, hiyo imebaki. Sababu zinazotolewa si za uongo. Barabara za huko ni ndefu na watu wanakimbia, mafuta ni rahisi ukilinganisha na Ulaya, maegesho ni mapana, na familia inapakia nusu ya nyumba.

Lakini soko halikuchagua peke yake, lilishikwa mkono. Tangu 1964 Marekani inatoza asilimia 25 kwa malori mepesi yanayotoka nje, ushuru uliozaliwa na ugomvi wa kuku kati yake na Ulaya, nao haujafutwa hadi leo ingawa kuku wale waliliwa zamani. Viwango vyao vya matumizi ya mafuta vilibadilishwa vikapimwa kwa eneo lililo kati ya magurudumu manne: gari likiwa na eneo kubwa, linadaiwa kidogo. Mtengenezaji akisoma sheria hiyo anaelewa ujumbe wake haraka, anapanua gari. Na gari la nje ambalo halikutengenezwa kwa viwango vyao haliingii kirahisi mpaka litimize miaka 25.

Sasa sikilizeni kinachotokea likishatimiza hiyo 25. Wakulima wa Marekani wanavinunua vile vilori vya Japani vya cc 660, ndugu wa damu wa kirikuu yetu, vyenye robo karne mgongoni. Wanabebea majani ya ng'ombe, uzio, mbwa. Majimbo kadhaa, Maine na Georgia yakiwemo, yalijaribu kuvinyima usajili. Wenye navyo wakapiga kelele, na Texas ikalegeza mwaka 2024. Mmarekani anayesemekana hataki gari dogo anasubiri miaka 25 na kugombana na serikali ya jimbo lake ili apate gari dogo.

Mimi naisoma hivi. EcoSport ilikuwa koti, kirikuu ni suruali. Waliopewa koti walilikataa, na wenye haki ya kukataa walikuwa nayo. Aliyeona chombo cha kazi alikipenda bila kuuliza kina urefu gani. Soko halina chuki na udogo. Lina chuki na udogo usio na kazi.

Turudi nyumbani, kwa sababu na sisi soko letu limeshikwa mkono, na aliyelishika ni sheria ya ushuru. Anayeagiza gari lililotumika analipa ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa kufuatana na ukubwa wa injini, na VAT asilimia 18. Injini isiyozidi cc 1,000 haitozwi ushuru wa bidhaa, ya hadi 2,000 inatozwa asilimia 5, zaidi ya hapo asilimia 10. Kisha kuna adhabu ya umri: gari la kati ya miaka minane na kumi linaongezewa asilimia 15, lililopita kumi linaongezewa 30.

Fanya hesabu kwa kalamu. Gari lina thamani ya shilingi milioni 10 likifika bandarini. Forodha inachukua milioni 2.5. Injini ni cc 1,300 na umri umepita miaka kumi, kwa hiyo ushuru wa bidhaa ni asilimia 35 ya milioni 12.5, sawa na milioni 4.4 hivi. VAT inaongeza milioni 3. Jumla inakaribia milioni 9.9, kabla ya tozo ndogondogo. Umelipia gari mara mbili. Ondoa ile 30 ya umri peke yake, na jumla inashuka hadi milioni 5.5.

Toyota Cami ilitengenezwa kati ya 1999 na 2006. Hakuna Cami duniani ambayo haijapita miaka kumi. Kila moja inayoteremka Dar es Salaam inapigwa adhabu hiyo yote. Jimny mpya ni ghali kwa sababu dunia nzima inaigombania. Na Toyota Raize ya 2020, yenye injini ya cc 996 na magurudumu mawili ya kuvuta? Injini yake haina ushuru wa bidhaa, na umri wake haujafika miaka minane. Sheria imeinyoshea zulia jekundu. Kati ya magari mawili ya juu yaliyo madogo, tumelibariki litakalokwama na kuliadhibu litakalofika.

Simlaumu aliyetunga sheria kwa nia mbaya. Alitaka kupunguza moshi na mikweche, na hilo ni jema. Ila alitumia mwaka wa kutengenezwa kama kipimo cha ubora, na mwaka haupimi ubora. Tuna TBS inayokagua magari yanayoingia. Gari likikaguliwa likaonekana bovu, lisiingie hata kama ni la juzi. Likiwa zima, kwa nini nalo lifungwe kwa kosa la kuzaliwa mapema? Tena sheria hiyohiyo haiulizi hata mara moja kama gari lina uwezo wa kwenda linakopelekwa. Inajua ukubwa wa injini na umri. Kuhusu barabara ya Kagwira–Ikola–Karema haijui kitu.

Kuna pingamizi tatu ninazoziheshimu.

Ya kwanza ni usalama. Gari fupi, jembamba na lililoinuka linapinduka upesi kuliko gari pana. Mwaka 1988 jarida la Consumer Reports la Marekani lilitangaza kwamba Suzuki Samurai, babu wa Jimny za leo, haifai kwa sababu hiyo. Suzuki ikashtaki 1996, na kesi ikamalizwa kwa makubaliano 2004. Sitasema gari hilo halina hatari. Nasema hatari yake iko kwenye mwendo, na mwendo ni wa lami. Dereva anayekimbiza Cami kilomita 120 kwa saa kutoka Koga kuja Mpanda ametoa chombo nje ya kazi yake. Kwenye njia ya tope hakuna anayefika 40.

Ya pili ni kujaza. Tunaijua michomoko: gari la watu watano linabeba tisa, na dereva ana abiria begani. Kweli kabisa. Ila michomoko haikuzaliwa na udogo wa gari. Imezaliwa na uchache wa magari. Pale ambapo gari ni moja kwa siku, hata liwe Coaster litajaa hadi mlangoni.

Ya tatu ndiyo nzito: kwa nini tushangilie gari dogo la kuvuka tope badala ya kudai tope liondolewe? Nadai vyote viwili, na sioni vinavyogombana. Katavi ina kilomita za mraba zaidi ya 45,000. Lami haitafika kwenye kila kitongoji katika maisha yangu, na anayeahidi hivyo anaomba kura. Wakati tunasubiri greda, watu wanaugua.

Nimeacha hili la mwisho makusudi. Tangu 2022 mpango wa m-mama umeenezwa nchi nzima. Mjamzito au mtoto mchanga akipata dharura, mtu anapiga 115 bila malipo. Kituo kinatafuta gari la wagonjwa, na kama haliko karibu kinampigia dereva wa jamii, mtu wa kawaida mwenye gari aliyesajiliwa, anayelipwa kwa simu baada ya safari. Naona ni moja ya mawazo bora tuliyowahi kuyatekeleza, kwa sababu limekubali ukweli: gari litakalomwokoa mama wa kijijini ni lile lililolala kijijini usiku huo.

Basi jiulize ni gari gani linalolala kijijini. Si V8, hiyo inalala kwenye uzio wa ofisi. Ni lile ambalo mkulima, mwalimu au muuza duka aliweza kulinunua baada ya ushuru. Tunapopanga ushuru, tunapanga pia nini kitakuwepo pale saa nane usiku mvua ikinyesha, simu ya 115 ikiita na dereva akitafuta viatu. Mama aliye kwenye kiti cha nyuma hatajali kama gari lina reli paani. Atajali kama magurudumu ya nyuma yana kazi.

Kwa hiyo madai yangu ni matatu. Serikali iondoe adhabu ya umri kwa magari ya 4WD yenye injini isiyozidi cc 1,500 yatakayofaulu ukaguzi. Fedha itakayopotea ni ndogo, na kama pengo linaogopesha, lizibwe kwa kupandisha ile asilimia 10 ya injini kubwa, ambayo imeizidi ya Cami kwa asilimia tano tu. Halmashauri zetu, Mpanda, Nsimbo, Mlele, Mpimbwe na Tanganyika, zinapopanga ununuzi wa magari, zianze na mtumishi anayekwenda mbali zaidi, zimalizie na mwenye kiti kikubwa zaidi.

La tatu ni kwetu sisi, vijana tunaowaagizia wazazi magari kwa simu zetu, kwa sababu sisi ndio tunaoweza kusoma kilichoandikwa. Usiangalie picha, soma namba ya modeli. Raize ikianza na A200A inavuta kwa mbele tu, A210A ndiyo inayovuta kote. IST ya NCP60 ni ya mbele, NCP65 ni ya magurudumu yote. Namba hizo hazigharimu kitu. Muuzaji akisema hazifahamu, mwombe apige picha ya kibati chake, na asipopiga, hela ibaki mfukoni. Kisha mtu akikucheka kwamba umemnunulia mzee bebi woka, mwambie aje Februari.